Maswali ya Wasomaji: Picha Iliyobanwa na Jinsi ya Kuirudishia Upana Wake

Mwezi huu nimechagua barua tatu zinazokutana mahali pamoja, yaani namna ya kupata picha pana kwa kamera ya video ya kawaida, ile ambayo mtu huinunua dukani kwa ajili ya harusi, safari na filamu ndogo ndogo. Wote watatu wanauliza kuhusu picha ya anamofiki: picha inayobanwa kwa upana wakati wa kurekodiwa, kisha hutanuliwa tena wakati wa kuonyeshwa. Barua nimezifupisha kidogo bila kubadili maana.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga picha za harusi hapa Tanga, kazi niliyoirithi kwa kaka yangu. Nina sanduku zima la kanda za MiniDV zilizorekodiwa kwa kamera ndogo yenye kitufe cha 16:9. Wateja wa zamani wamenijia wakitaka harusi zao ziwekwe kwenye kompyuta, lakini kila nikizihamisha watu hutokea wembamba na warefu, na sinia la biriani huonekana kama yai lililosimamishwa. Je, kanda zimeharibika? Na kitufe kile kilikuwa na faida yoyote ya kweli? — Msomaji, Tanga*

Ndugu msomaji, kanda zako ni nzima, na nimefurahi kuwa hujakata tamaa ukazitupa. Unachokiona ndicho hasa kilichomo ndani ya mkanda, ila kimekufikia kabla ya kutanuliwa.

Mfumo wa DV, ambao ndio wa kanda zako za MiniDV, ulioingia sokoni mwaka 1995, una umbo moja tu la kuhifadhi picha. Katika nchi zilizotumia mfumo wa runinga wa PAL, zikiwamo Tanzania na Kenya, kila picha ina pikseli 720 kwa upana na mistari 576 kwa kimo. Katika nchi za mfumo mwingine, NTSC, kama Marekani na Japani, mistari ni 480. Idadi hiyo haibadiliki, mtu awe anarekodi kwa uwiano wa zamani wa 4:3 au kwa uwiano mpana wa 16:9. Kinachobadilika ni nafasi ambayo kila pikseli inapewa kwenye kioo cha runinga. Katika 16:9 pikseli zile zile 720 hutanuliwa hadi kuenea nafasi ya pikseli 1024 za mraba, huku mistari ikibaki 576, na hapo ndipo sinia lako linaporudi kuwa duara. Zisipotanuliwa, zikaonyeshwa kana kwamba ni 4:3, kila kitu huonekana kirefu kwa theluthi moja zaidi ya kilivyo.

Runinga au kompyuta hujuaje kwamba picha hii inahitaji kutanuliwa? Kamera iliandika alama ndani ya mkanda, pamoja na kila picha, kueleza kwamba picha ni pana. Ukiuhamisha mkanda kwa waya wa FireWire, ambao Sony waliuita i.LINK, data yote hupita kama ilivyo, na alama huja nayo. Ukitumia zile waya za rangi ya njano, nyekundu na nyeupe pamoja na kifaa kidogo cha kunasia kinachochomekwa kwenye USB, kinachopita ni mawimbi ya picha tu. Alama ama haimo au kifaa hakiisomi, na kompyuta hudhani imepewa picha ya 4:3. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani ndivyo ilivyokutokea.

Kwa kanda ulizokwisha kuzihamisha, huna haja ya kurudia kazi ikiwa faili ni safi na halina pau nyeusi juu na chini. Ingia kwenye programu yako ya kuhariri, tafuta mahali panapoeleza sifa za klipu, ukaitambulishe kuwa ni PAL ya 16:9. Au, kama programu haina nafasi hiyo, tengeneza mradi wa pikseli 1024 kwa 576 na uitanue klipu kwa upana tu hadi ijaze fremu. Kisha tafuta ndani ya picha kitu unachojua kuwa ni duara, kama sahani, saa ya ukutani au gurudumu la gari la maharusi, ukakipime kwenye kioo kwa rula. Macho huzoea upotofu upesi sana, hasa baada ya saa mbili za kuhariri, lakini rula haizoei. Ukitengeneza nakala ya kuonyeshwa kwenye simu au kwenye intaneti, ondoa pia mistari ya meno inayoonekana pembeni mwa vitu vinavyotembea, kwa sababu DV ya kawaida hurekodi picha nusu nusu, nusu 50 kwa sekunde, na vioo vya leo havionyeshi hivyo.

Kwa kanda zilizobaki nakusihi utafute FireWire, hata kama itakubidi uazime kompyuta ya zamani yenye tundu lake. Saa moja ya DV huchukua takriban gigabaiti 13, na faili hilo ndilo utakaloliweka akiba bila kuligusa. Ikiwa hakuna budi utumie waya za rangi, kwanza fungua menyu ya kamera na uangalie aina ya runinga iliyochaguliwa. Kamera nyingi huuliza kama runinga yako ni ya 4:3 au 16:9, na ukiacha 4:3 kamera itaifinya picha pana iingie katikati na kuweka pau nyeusi juu na chini. Hapo watu wataonekana sawa, na ndiyo maana kosa hili ni la hatari kuliko la kwanza, kwa maana picha halisi itakuwa imebakiwa na mistari 432 tu badala ya 576. Robo ya mistari uliyokuwa nayo mkononi itakuwa imegeuzwa giza, na haitarudi.

Swali lako la pili, kuhusu faida ya kitufe, linategemea kile kibamba kidogo kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga, ambacho hapa nitakiita kihisi. Kamera nyingi za nyumbani za miaka ile zilikuwa na kihisi cha umbo la 4:3. Ulipobonyeza 16:9, kamera ilikata sehemu ya juu na ya chini, ikabaki na mistari 432 katikati, kisha ikaitanua kwa hesabu hadi kufikia 576. Mistari iliyoongezwa haikutoka uwanjani mbele ya lenzi. Ilikisiwa kutokana na mistari jirani. Kamera chache zilikuwa na kihisi chenye upana wa kweli. Canon XL2 ya mwaka 2004 ni mfano mmoja, ambayo ilisoma picha pana moja kwa moja bila kukata na kukisia.

Kama kamera ya kaka yako bado inawaka, unaweza kuijua ni ya aina gani kwa robo saa. Iweke juu ya stendi, chagua 4:3, kisha weka viti viwili vionekane kwenye kingo kabisa za kushoto na kulia. Rekodi kidogo, halafu, bila kugusa zumu wala stendi, badilisha kuwa 16:9 na urekodi tena. Tazama vipande vyote viwili vikiwa vimetanuliwa ipasavyo. Ikiwa nje ya viti kumeongezeka nafasi ambayo awali haikuwamo, kihisi kina upana wa akiba na kitufe kina faida. Ikiwa viti viko pale pale kwenye kingo, na kilichotokea ni kupungua kwa dari na sakafu, basi kitufe kilikuwa mkasi tu.

Hata hivyo simlaumu kaka yako. Katika kamera ya mkasi, kukata ndani ya kamera hufanyika kabla data ya picha haijapunguzwa ili iingie kwenye mkanda, kwa hiyo ubora wake unaweza kuwa afadhali kidogo kuliko kukata baadaye. Mimi mwenyewe, kwa kamera ya namna hiyo, ningerekodi 4:3 nzima na kukata kwenye kuhariri, kwa sababu harusini watu hawatulii: shangazi anainuka kutunza, fremu iliyokatwa tayari humkata kichwa, ilhali fremu nzima hukuruhusu kuipandisha picha kidogo na kumwokoa.

Kulikuwa na njia ya tatu, iliyowagharimu watu fedha lakini iliyokuwa ya haki zaidi kwa picha: kioo kinachofungwa mbele ya lenzi ya kamera, kikabana uwanja mpana hadi ukaingia wote kwenye kihisi cha 4:3. Kampuni ya Century Optics ilitengeneza vioo vya aina hiyo, na Panasonic nao walitoa AG-LA7200 kwa ajili ya kamera yao ya DVX100. Nguvu ya kubana ilikuwa 1.33, kwa kuwa ukigawanya 16:9 kwa 4:3 ndiyo namba unayopata. Kwa njia hiyo mistari yote 576 ilitoka uwanjani, hakuna hata mmoja uliokisiwa. Vioo hivyo havikufa pamoja na kanda, kama barua inayofuata inavyoonyesha.

*Bwana Mhariri, sisi ni vijana wa Mombasa tunaotengeneza filamu fupi. Kamera yetu ni ya kawaida, inayorekodi 4K, nasi tumezoea kukata juu na chini ili picha iwe pana kama ya sinema. Mwenzetu ametuletea lenzi ya kufunga mbele yenye alama ya 1.33x. Inabana picha kweli, lakini haitulii: mara uso uko wazi ila fremu ya mlango ina ukungu, mara nyumba zinalala upande. Tunakosea wapi? Na kuna haja gani ya kioo hiki ikiwa kompyuta inaweza kukata? — Msomaji, Mombasa*

Ndugu msomaji, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa jibu lake huenda likawaokoa muda. Kamera yenu hurekodi pikseli 3840 kwa 2160. Mkikata hadi uwiano wa sinema wa 2.39:1 mnabaki na takriban 3840 kwa 1608. Filamu ikionyeshwa kwa upana wa pikseli 1920, kama ilivyo kwa watazamaji wengi, inahitaji mistari 804 tu, kwa hiyo baada ya kukata bado mna mara mbili ya kinachohitajika. Zamani za DV kukata kulikuwa hasara ya wazi, na katika kamera ya mistari 1080 bado mtu hupoteza kama mistari 276. Kwa 4K hoja ya kuokoa mistari imepoteza nguvu. Anayetaka upana peke yake na akate kwa amani.

Kioo kinatoa kitu kingine. Kinapanua uwanja kwa upana bila kugusa kimo, hata lenzi ya milimita 50 ikawa inaona upande kama ya milimita 37.5 huku juu na chini ikibaki ya 50. Mnaweza kumsogelea mtu kwa kimo cha lenzi ndefu na bado mkaona chumba alichomo. Taa iliyo mbele ya lenzi huvuta mchirizi wa mwanga ulionyooka toka upande hadi upande, na vidoa vya mwanga vilivyo nje ya fokasi huwa vya yai. Lakini niwe mkweli: kwa nguvu ya 1.33 mayai hayo ni duara zilizominywa kidogo tu. Anayetarajia kila kitu alichokiona katika filamu zilizopigwa kwa lenzi za nguvu ya 2 atasikitika.

Ili mjue kwa nini inawasumbua, jaza maji kwenye bilauri iliyonyooka na uweke kijiko nyuma yake. Kijiko kinanenepa kwa upana lakini hakirefuki, kwa sababu bilauri imepinda upande mmoja tu. Lenzi ya anamofiki imejengwa kwa vioo vilivyopinda namna hiyo, kwa mgongo wa mcheduara badala ya mgongo wa tufe. Mfaransa Henri Chrétien ndiye aliyeifanya ifae kwa sinema katika miaka ya 1920, akaiita Hypergonar. Alikuwa mwanaastronomia, na jina lake limo katika darubini za aina ya Ritchey–Chrétien, ambazo Hubble iliyoko angani ni mojawapo. Watengenezaji wa filamu walimpita kwa zaidi ya miaka 20, hadi kampuni ya 20th Century-Fox ilipouchukua uvumbuzi wake, ikauita CinemaScope, na kuutoa hadharani mwaka 1953 kwa filamu ya The Robe, wakati runinga ilipokuwa ikiwavuta watazamaji wabaki majumbani.

Kwa kuwa kioo kimepinda upande mmoja, kina mhimili, na mhimili huo lazima usimame wima sawa na kamera. Ukilala hata digrii mbili, picha haibanwi tena kwa upana tu bali kwa mshazari, na ikitanuliwa miraba hugeuka misambamba: hizo ndizo nyumba zenu zinazolala. Programu za kawaida za kuhariri haziponyi jambo hili, kwa sababu ukizungusha picha ili nguzo zisimame, sakafu ndiyo italala. Niliwahi kurekodi mashindano ya ngalawa asubuhi nzima na kioo kilichokuwa kimelegea, na milingoti yote iliinama upande mmoja huku upeo wa bahari ukiinamia mwingine. Hakuna sekunde niliyoweza kuitumia. Tangu hapo hubeba timazi ya mwashi kwenye mkoba wa kamera. Simamisheni kamera kwenye stendi, isawazisheni kwa pima maji, tundikeni timazi mita tatu au nne mbele yake, kisha zungusheni kioo polepole hadi uzi uwe wima kabisa katikati na pia kwenye kingo zote mbili. Baada ya hapo zimeni taa na mwasheni tochi ya simu ikitazama lenzi: mchirizi wake ulale sambamba na ukingo wa chini wa fremu. Kazeni skrubu, wekeni alama ya rangi inayovuka kutoka kwenye kioo hadi kwenye lenzi, na muitazame alama hiyo kila mnapohama mahali.

Ukungu una sababu yake. Kioo cha mbele na lenzi ya kamera kila kimoja kina fokasi yake, na vikikosa kukubaliana, mistari ya wima na ya mlalo hushika fokasi mahali tofauti. Chukueni karatasi, choreni alama kubwa ya kujumlisha kwa kalamu nyeusi, muiweke alipo mwigizaji. Ikiwa mkono wa mlalo umekolea na wa wima umefifia, moja kati ya pete mbili za fokasi haijafika. Zimeni fokasi ya kujiendesha, kwa sababu kamera itahangaika baina ya mikono hiyo miwili bila kuamua. Wekeni pete zote mbili kwenye alama ya mbali kabisa, sogezeni ya kamera hadi alama ianze kukolea, kisha ya kioo, na mrudie kwa zamu hadi mikono yote miwili ikolee pamoja. Kama kioo chenu hakina pete ya fokasi, vile vya kamera ndogo za zamani vingi havina, basi hakikutengenezwa kwa watu wa karibu. Kitafanya vizuri kwa mandhari na kwa watu walio mita kadhaa, na kitaleta ukungu mkivuta zumu sana.

Kupunguza tundu la lenzi hadi f/4 au f/5.6 husaidia mno, na mchana wa pwani mwanga upo wa kutosha. Kwa nyuso za karibu tumieni diopta, yaani kioo cha kukuzia kinachofungwa mbele ya vyote. Diopta ya +0.5 huleta fokasi kwenye mita 2 pete zote zikiwa kwenye alama ya mbali, na ya +1 huileta kwenye mita 1, bila kugombanisha fokasi mbili. Mwigizaji hatakuwa na uhuru wa kusogea mbele na nyuma, kwa hiyo mpangeni mapema mahali atakaposimama.

Kuhusu nyuso za karibu liko jambo ambalo wapiga picha wa CinemaScope walilipatia jina la ugonjwa, matumbwitumbwi. Lenzi zao, zilipoelekezwa kwenye kitu cha karibu, zilipunguza nguvu ya kubana, lakini projekta iliendelea kutanua kwa nguvu ile ile, na mashavu ya waigizaji yakavimba. Panavision, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1954, ilipata sifa yake kubwa kwa kutengeneza lenzi za kupigia zisizokuwa na kasoro hiyo. Ninyi mna nafuu ambayo wao hawakuwa nayo, maana mnatanua kwa kompyuta, na kila klipu inaweza kupewa kiwango chake. Kabla ya kurekodi uso wa karibu, rekodini sekunde tano za kisosi kilichoshikwa mahali pa uso. Kisosi kikitoka duara kwa 1.28 badala ya 1.33, tanueni klipu ile kwa 1.28.

Kutanua kwenyewe ni hesabu fupi. Uwiano wa 16:9 ukizidishwa kwa 1.33 hutoa 2.37:1, ambao jicho halitautofautisha na 2.39:1 wa sinema. Mnaweza kuongeza upana, 3840 zikawa 5120 na mistari ikabaki 2160, au mnaweza kuuacha upana na kupunguza kimo kuwa asilimia 75, mistari 2160 ikawa 1620. Napendelea njia ya pili, kwa sababu faili ni jepesi na hakuna pikseli iliyobuniwa. Mkipeleka kazi kwenye intaneti, toeni faili la 3840 kwa 1620, au 1920 kwa 810, bila pau nyeusi, kila kioo cha simu au kompyuta kitajipangia nafasi yake. Kituo cha runinga kitadai 1920 kwa 1080 kamili, na hapo ndipo mtaweka pau, mistari 135 juu na 135 chini.

Mkirekodi, kioo cha kutazamia cha kamera yenu kitawaonyesha watu waliobanwa, isipokuwa kamera iwe na uwezo wa kutanua picha ya kutazamia. Ni vigumu kupanga fremu mtu akiwa anatazama picha ya uongo. Kateni kadi ngumu yenye dirisha la sentimita 24 kwa 10, na muelekezaji aitazame kila onyesho kupitia dirisha hilo kabla kamera haijawekwa. Mtagundua kwamba mtu mmoja katikati huacha nafasi kubwa pande zote mbili, na kwamba baraza yenye watu watatu waliokaa inajaa vizuri. Upana huo unapaswa kuwa na kazi.

Kwa wanaotumia simu pamoja na kioo cha kubandika, sheria ni zile zile, na naongeza moja: tumieni programu inayoweza kufunga kamera moja. Simu yenye kamera kadhaa hubadilisha yenyewe mwanga ukipungua au kitu kikisogea, na itaruka kwenye kamera ambayo mbele yake hakuna kioo.

*Assalaam aleikum Mhariri. Naandika kutoka Muscat. Marehemu baba alikuwa fundi wa projekta, na kati ya vitu alivyotuachia imo lenzi nzito ya anamofiki ya nguvu ya 2. Je, naweza kuitumia mbele ya kamera yangu ya video? — Msomaji, Muscat*

Waaleikum salaam ndugu msomaji, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Ndiyo, inawezekana, kwa kuwa mwanga unaoweza kutanuliwa ukitoka upande mmoja unaweza kubanwa ukiingia kutoka upande wa pili. Ile iliyokuwa sehemu ya nyuma, iliyotazama projekta, ndiyo itakayoelekea lenzi ya kamera yako.

Angalia kwanza uwiano. Nguvu ya 2 mbele ya kihisi cha 16:9 hutoa picha ya 3.56:1, ukanda mwembamba usiofaa karibu kwa lolote, na ukitaka 2.39:1 itakubidi utupe theluthi ya upana ulioupata kwa taabu. Ikiwa kamera yako inaweza kurekodi kihisi kizima kwa 4:3, kama inavyofanya Panasonic GH5 kwa pikseli 3328 kwa 2496, utapata 2.67:1, na kukata hadi 2.39:1 kutakugharimu kama sehemu moja ya kumi tu.

Pili ni uzito. Usiining'inize kwenye uzi wa filta wa kamera ndogo, utang'oka au lenzi itapinda. Mwambie fundi wa vyuma akutengenezee reli mbili chini ya kamera na kishikio cha pete kinachoibeba lenzi yenyewe, kilichoachwa huru kuzunguka ili uweze kuisawazisha kwa timazi kama nilivyowaeleza wenzako wa Mombasa. Anza na lenzi ya kamera iliyovutwa, si ile pana, kwani kwa upana utaona ukuta wa ndani wa lenzi ya baba ukiwa giza la mviringo kwenye pembe. Vuta zumu taratibu hadi giza litoweke, na uandike namba hiyo ya milimita. Chini yake usishuke.

Kabla ya yote hayo, isafishe kwa uangalifu. Puliza vumbi kwa mpira wa hewa, usianze kwa kitambaa, na usiifungue ndani. Vioo vyake vimepangwa kwa mhimili mmoja, na vikishahama hata kidogo, kuvirudisha ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kupimia.